KITUNGUU KISICHOTIWA MCHUZINI

Lipo swali ambalo mtu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi huenda asilisikie vizuri, lakini mkulima wa Rubwera hulisikia kila ashikapo jembe. Je, ni halali kuupa mmea usioliwa wala kuuzwa sehemu ya ardhi ya nyumbani? Ardhi ndiyo inayotulisha. Kibanja kina migomba, kina kahawa chini ya migomba, kina maharage chini ya kahawa. Kila hatua ya udongo ina kazi yake na mwenyewe. Sasa anatokea mtu, aghalabu mama wa nyumba, anachimba mistari miwili mbele ya mlango na kupanda humo vitunguu ambavyo havitatiwa mchuzini kamwe. Anangoja mvua ili aone ua. Jirani akipita huuliza kwa mzaha, lakini mzaha huo una jiwe ndani yake: "Hayo nayo yataiva lini?"

Ndugu msomaji, swali la jirani huyo si la kijinga, wala mimi sitalijibu kwa kusema kwamba maua ni mazuri na basi. Kwamba ni mazuri tunajua sote. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Linalotakiwa ni kupima: ua hili linamgharimu mtu nini hasa, na je, gharama hiyo ni haki?

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Katika nchi za baridi kama Uholanzi na Uingereza watu hupanda vitunguu vya maua wakati majani ya miti yanapopukutika. Vitunguu hulala ardhini msimu wote wa baridi kali, kisha baridi ikipungua huchomoza maua. Tulipu ndiyo maarufu kuliko yote. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na mpaka leo inadai baridi kama ile ya kwao. Bila majuma kumi na mawili au zaidi ya baridi ya kutosha, haitoi ua la maana. Kwa hiyo hapa Rubwera, karibu kabisa na Ikweta, anayepanda tulipu uani atapata majani tu, na mwaka wa pili hata majani hatayapata.

Hata hivyo sisi nasi tunayo majira yetu ya kuchipua. Kwetu majira hayo hayaletwi na kwisha kwa baridi. Huletwa na kwisha kwa ukame. Juni, Julai na Agosti nyasi za vilimani hukauka na vumbi la barabara hufunika majani ya migomba. Mvua za Septemba zikianza, vitunguu vilivyokuwa kimya vinaitika. Lipo ua jekundu la mviringo kama mpira, ambalo wataalamu huliita Scadoxus, linaloota lenyewe katika nchi nyingi za Afrika, ya kwetu ikiwamo. Lipo amarilisi, lenye maua makubwa kama tarumbeta, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini lakini limezoea bustani zetu kana kwamba lilizaliwa hapa. Kuna gladioli, ambayo wengi hudhani ni ua la Wazungu, kumbe mababu zake wengi ni mimea ya porini ya Afrika iliyochukuliwa na kuzalishwa upya huko Ulaya. Gladioli hii, kwa kusema kweli, shina lake la ardhini si kitunguu chenye magamba, ila mkulima wa kawaida hulitunza vilevile.

Kitunguu hiki ni nini basi? Ni ghala. Ukikipasua utakuta ndani yake magamba manene yaliyopangika, na magamba hayo ni chakula. Ua likisha kunyauka, majani hubaki miezi mingi yakinywa jua na kupeleka chakula chini. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaona majani yamelala ovyo na kuanza kugeuka manjano, wanayafyeka ili ua wao uwe safi. Mwaka unaofuata ua halionekani, nao husema udongo umechoka. Kumbe waliifunga njia ya ghala kabla halijajaa.

Tumekwisha kuujua mmea. Sasa tuchukue mizani. Chukua kitalu cha mita tatu kwa mita moja mbele ya nyumba. Hizo ni mita tatu za mraba. Shina moja la mgomba, likipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hutawala mita tisa za mraba. Kwa hiyo kitalu chote cha maua kimekula theluthi moja ya nafasi ya shina moja la mgomba. Ukikipanda maharage, kitakupa vikombe vichache kwa msimu. Sisemi vikombe hivyo si kitu. Kwa nyumba yenye watoto sita na debe tupu, vikombe hivyo ni mlo wa siku mbili. Lakini tukiwa wakweli tutakiri kwamba haipo familia iliyotumbukia katika njaa kwa sababu ya mstari wa amarilisi mlangoni. Njaa huja kwa mvua kukosekana, kwa ugonjwa wa migomba, kwa bei ya kahawa kuanguka, kwa baba kunywa fedha za mauzo. Anayelisingizia ua anamwacha mkosaji halisi apite.

Hata hivyo, na tuseme njaa imekuja kweli. Je, hapo ua lina haki gani? Historia ina jibu lake. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma, na jeshi la Ujerumani lililokuwa limeikalia nchi hiyo likazuia chakula kwenda mikoa ya magharibi. Mifereji iliganda, maboti hayakupita. Watu wapatao elfu ishirini walikufa. Wale waliosalia walikula viazi vya sukari vya kulishia mifugo, kisha wakageukia vitunguu vya tulipu vilivyokuwa vimelala katika maghala kwa sababu vita vilizuia biashara. Walielekezwa namna ya kukiandaa kitunguu: kukimenya, kukipasua, kutoa kiini cha katikati chenye sumu, kisha kukichemsha. Taifa lililojivunia tulipu kuliko yote ulimwenguni liliila tulipu.

Nani atathubutu kuwalaumu? Mwenye njaa hana miiko. Uhai wa mtoto mmoja unazidi thamani ya bustani zote za dunia, na asiyekubali hivyo hapendi maua, anaabudu maua. Hapa basi tumepata kanuni ya kwanza: njaa ina haki juu ya ua, bila mjadala. (Nami niongeze tahadhari ya kawaida: amarilisi na ndugu zake wana sumu. Usiviweke vitunguu vyake jikoni karibu na vile vya mchuzi, wala usimwachie mtoto achezee.)

Lakini tusiitumie haki ya njaa kufunika jambo lisilokuwa njaa. Huko kusini mwa nchi yetu, katika nyanda za juu kati ya Mbeya na Makete, uko uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mvua zikinyesha, uwanda huo hujaa maua ya porini, yakiwamo aina nyingi za okidi zenye viazi vidogo ardhini. Viazi hivyo huliwa hasa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga, na chakula hicho huitwa chikanda. Kwa vizazi vingi wanavijiji walichimba kidogo, pori likapona. Soko la mijini lilipokua, viazi vikaanza kuvushwa mpaka kwa magunia, na sehemu zilizokuwa zikiwaka rangi zikabaki mashimo. Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na sababu kubwa ilikuwa kuyanusuru maua hayo.

Simhukumu mchimbaji maskini aliyeuza gunia apate ada ya shule. Lakini tuone tofauti. Mholanzi wa mwaka 1945 alikula ili asife, na njaa ilipokwisha alirudi kupanda. Soko halina siku ya kushiba. Njaa ina mwisho, tamaa haina. Hiyo ni kanuni ya pili.

Na Waholanzi haohao walikwisha kutuonyesha, karne tatu kabla, kwamba ua linaweza kumpoteza hata mtu aliyeshiba. Katika miaka ya 1630 walinunua na kuuza vitunguu vya tulipu kwa bei zilizopanda siku hadi siku, vingi vikiwa bado ardhini, mnunuzi akishika karatasi tu. Kitunguu kimoja cha aina adimu kilifikia bei ya nyumba nzuri ya mjini. Februari 1637 wanunuzi walikosekana, na bei zikaporomoka. Ajabu ni kwamba michirizi ya rangi waliyoigombania ilisababishwa na virusi vilivyokuwa vikikidhoofisha kitunguu. Walikuwa wakinunua ugonjwa. Hakuna mtu kati ya wale waliobadilishana karatasi aliyekuwa akiliangalia ua.

Kwa hiyo kitunguu cha ua kinaweza kuwa chakula, na kinaweza kuwa fedha. Yule mama wa Rubwera hakukifanya chakula wala fedha. Amekiacha kiwe ua. Tumeona kwamba gharama ya ardhi ni ndogo. Basi gharama yake kubwa iko wapi?

Iko katika muda. Maharage huvunwa baada ya miezi mitatu hivi. Mchicha huchumwa baada ya majuma machache. Lakini kitunguu kichanga cha amarilisi, kilichotengwa kutoka kwa mama yake, huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Ukianzia kwenye mbegu, ngoja zaidi. Ukipanda mbegu ya tulipu huko Ulaya, utangoja miaka mitano hadi saba. Anayepanda kitunguu cha ua anatamka, bila kufungua mdomo, kwamba mwaka kesho kutwa atakuwa hapahapa, mlango huuhuu, na hakuna atakayemwondoa.

Sasa fikiri ni nani anayeweza kutamka hivyo. Mwaka 1994 watu maelfu kwa maelfu kutoka Rwanda waliuvuka mto Kagera wakaingia Ngara na Karagwe, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa yote ya leo. Walikaa chini ya maturubai, na Desemba 1996 wengi wao wakarudishwa kwao. Mtu wa hali hiyo, akipata kipande cha udongo nyuma ya turubai, atapanda kitu cha majuma machache. Si kwamba hapendi maua. Hajui atakuwa wapi kitakapochanua. Mkimbizi amenyang'anywa mambo mengi tunayoweza kuyahesabu: nyumba, ng'ombe, ndugu. Pamoja na hayo amenyang'anywa msimu ujao, na hilo hatulihesabu.

Wala si mkimbizi peke yake. Tazama ndani ya vibanja vyetu wenyewe. Nimesema kwamba anayepanda maua mlangoni aghalabu ni mwanamke. Je, huyo mwanamke ana hakika gani ya mlango huo? Kwa mila zilizotawala sehemu kubwa ya Kagera, ardhi ya ukoo ilikuwa ya wanaume. Binti aliweza kuitumia akiwa hai lakini hakuweza kuiuza, na mjane alikaa kwa hisani ya watoto au ya ndugu wa marehemu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilisikiliza kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, na ndugu wa ukoo akataka mauzo hayo yabatilishwe kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Jaji aliamua kwamba kumbagua hivyo ni kinyume cha Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Kisha Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Sheria ni jambo moja, na kikao cha ukoo siku ya arobaini baada ya mazishi ni jambo jingine. Bado wapo wajane wanaoambiwa wafungashe. Mjane wa namna hiyo, aliyelilinda ghala la ardhini miaka kumi kwa kutofyeka majani, anaondoka na sufuria na watoto, na vitunguu vinabaki. Septemba ikifika vinamchanulia shemeji aliyemfukuza, ambaye hata hatazami chini anapopita.

Hapa ndipo mawazo yangu yameishia, baada ya kulizungusha swali la jirani huku na huku. Tulianza kwa kuuliza kama maskini ana haki ya kuwa na ua. Nadhani swali hilo limepinda. Swali lililonyooka ni hili: je, mtu huyu ana kesho mahali hapa? Akiwa nayo, ua litajitokeza lenyewe, kwa maana binadamu aliyetulia hupamba mlango wake bila kuamrishwa. Asipokuwa nayo, hata ukimpa ekari nzima atapanda mchicha. Kwa hiyo yule anayesema "maua ni anasa, tushughulikie haki kwanza" na yule anayesema "uzuri nao ni mahitaji ya roho" hawapingani kama wanavyodhani. Kitunguu kilichochanua mlangoni ni dalili kwamba haki imekaa hapo walau miaka mitatu.

Niondoe fundisho moja la uongo ambalo watu hupenda kulichuma kwenye vitunguu hivi. Husema: "Tazama, tulipu haichanui bila baridi, wala ua letu bila kiangazi, basi shida ndiyo inayomkomaza mtu." Maneno haya hupendwa sana na wasio na shida. Ni kweli kwamba ukame ni sehemu ya maisha ya mmea huu. Lakini muulize mmea umevukaje ukame. Umevuka kwa sababu ulikwisha kuweka akiba. Kitunguu kilichofyekwa majani hakikomazwi na kiangazi. Huoza au hukauka kimya, wala hakuna anayekisimulia. Akiba haiozi, walisema wazee, na kwa kitunguu hiki walisema kweli kabisa. Kwa hiyo ukitaka mtoto wa jirani aivuke shida, usimhubirie faida za shida. Msaidie kujaza ghala: shule, chakula, afya, na hati ya ardhi yenye jina la mama yake.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la furaha. Kitunguu kikikaa mahali pamoja huzaa vingine pembeni, mpaka vinabanana na maua yanapungua. Dawa yake ni kuvichimbua wakati vimelala, kuvitenganisha, na kuvipanda upya kwa nafasi ya futi moja hivi, shingo ya kila kimoja ikichungulia juu ya udongo. Vitakavyozidi, gawa. Hapa kwetu vitunguu hivi huvuka ua la nyumba hadi jingine mkononi mwa mtu, kama vile machipukizi ya migomba yalivyovuka tangu zamani. Kizuri kula na nduguyo. Na kizuri kisicholika, mgawie pia. Mwenye kugawa hapungukiwi, maana vilivyobaki vinapata nafasi na kuchanua zaidi. Ni mali chache sana duniani zenye tabia hiyo.

Basi ndugu msomaji, kama una kibanja na mlango wa kwako, usione haya kwa mistari miwili ya maua. Hujamwibia mtu. Lakini mvua za Septemba zikiyafungua, na ukayasimamia asubuhi ukiwa na kikombe cha kahawa mkononi, tazama pia upande wa pili wa uzio. Kama mlango wa jirani hauna ua, usimhukumu kwamba hana jicho la uzuri. Jiulize kama ana hakika ya mwaka kesho. Kama anayo, mpelekee vitunguu vitatu. Kama hana, una kazi kubwa kuliko hiyo: siku ya kikao, simama useme ukweli mbele ya ukoo.